Ushauri: Petroli ya madumu Faza, niendelee au niache?

MwanaFaza: Asalaam aleikum wakuu. Nauza petroli kwa manahodha hapa Faza, kisiwani Pate, Lamu. Naitoa Mokowe, bara, kwa boti, kwa hiyo naongeza shilingi 40 kwa lita juu ya bei ya EPRA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopanga bei ya mafuta. Sasa mtu ametishia kunishtaki. Nishushe bei nile hasara au niache? Silali.

BahariKuu: Usishushe! EPRA hutangaza bei kila tarehe 14, lakini haibebi dumu kutoka Mokowe. Bei ikifungwa chini ya gharama, bidhaa hutoweka. Aprili 2022 pampuni bei ilikuwa nafuu na mafuta hakuna, maana wauzaji hawakuwa wamelipwa ruzuku. Nililala kwenye matatu Malindi, abiria mmoja ana mbuzi, yule mbuzi usiku kucha...

Sharifa_Langoni: Mbuzi anahusu nini jamani?

UstadhM: Watu wa Madina walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, akakataa. Lakini kuhodhi pia alikataza. Mwanangu, unahodhi?

Sharifa_Langoni: Na leseni je? Mbona hujaitaja?

MwanaFaza: Leseni bado. Huku nani anayo? Na sihodhi, ni madumu tu.

Sharifa_Langoni: Mangapi? Yako wapi?

MwanaFaza: Thalathini. Chumba cha nyuma kwa mama mkwe. Nimenunua mapema kwa vile wanasema bei itapanda. Dirisha huwa wazi, msinihukumu. Pesa nishatoa.

UstadhM: Kumbe!

BahariKuu: Hapo mimi na wewe tunaachana. Marekani walidhibiti bei za mafuta tangu 1971, vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vya 1973 vikawakuta hivyo, foleni zikazidi. Rais Reagan akaondoa udhibiti Januari 1981. Hilo la bei nitalipinga mpaka kesho. Sheria ya moto siipingi: jirani yako hakuulizwa kama anataka kulala na madumu thalathini ukutani. Yatoe leo, bei tuzungumze baadaye.

MwanaFaza: Jirani ni mteja wangu.

Mkomani_Boy: Hekaya hii. Mama mkwe gani atavumilia harufu hiyo? Na akaunti imefunguliwa leo. Huyu ama ni mwanafunzi anatafuta insha ya uchumi, ama ni mtu wa EPRA anatega.

MwanaFaza: Mtu wa EPRA angeuliza nauli ya boti?

Mkomani_Boy: Hujaiuliza. Wala hujatuambia ni ngapi.

NahodhaPate: Hekaya au si hekaya, nahitaji lita 20 alfajiri. Utapunguza ile 40?