Supu ya tambi ya Kichecheni yenye pilipili: naombeni muongozo

Kiungo_Vienna

Assalaam aleikum wana jukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Naishi Vienna, mtaa wenye familia nyingi za Kichecheni, yaani watu wa Chechnya, kusini mwa Urusi. Nyama tunanunua bucha moja ya halali, na ndipo nilipojuana na jirani yangu, mama mtu mzima mkarimu sana. Supu yake siisahau: nyama iliyolainika, tambi nene ndefu alizozivuta kwa mkono, mboga, na pembeni kibakuli cha pilipili ya mafuta inayokutoa jasho. Sasa amesafiri kwa wanawe, nami Jumamosi napokea wageni kutoka Unguja. Nataka niwapikie hiyo hiyo.

Shida ni kwamba Kirusi sikijui na Kijerumani chake ni kidogo, kwa hiyo nimemwangalia tu akipika. Unga unakandwaje ili tambi zivutike bila kukatika? Pilipili inaingia wakati gani? Halafu nikitafuta chakula cha Kichecheni naletewa zhizhig-galnash, wala sioni pilipili humo. Ni chakula kimoja au viwili?

MsafiriRostov

Ni viwili, dada yangu. Nimesoma Rostov, huko Urusi, nikikaa chumba kimoja na kijana wa Grozny, mji mkuu wa Chechnya, kwa hiyo vyote nimevila.

Zhizhig-galnash ndiyo chakula chao cha heshima, mgeni akija ndicho kinachopikwa. Nyama ya kondoo au ng'ombe inachemshwa kipande kikubwa kwa maji na chumvi mpaka inaachia mfupa. Galnash ni vipande vifupi vya unga vinavyopikwa ndani ya mchuzi huo huo. Vikiiva vinapakuliwa sinia moja na nyama, mchuzi unanywewa kwenye bakuli lake. Ukali wake ni wa kitunguu saumu: kinapondwa na chumvi, kinamiminiwa mchuzi wa moto wenye mafuta yake, unachovya. Usidharau ukali huo, saumu mbichi ya namna ile inapanda mpaka puani.

Uliyokula kwa jirani ni lagman. Asili yake ni Wauyghur na Wadungan wa Asia ya Kati. Tarehe 23 Februari 1944 serikali ya Kisovieti ya Stalin iliwakusanya Wachecheni na jirani zao Waingush wote, ikawapakia kwenye mabehewa na kuwapeleka Kazakistani na Kirgizistani. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Ruhusa ya kurudi kwao ilipatikana 1957. Mwenzangu aliniambia bibi yake alijifunza lagman hukohuko uhamishoni, akairudisha jikoni kwake. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba umepewa chakula cha watu wengine. Majumbani mwao lagman imeliwa miaka na miaka, ni yao.

Bi_Mkunazini

Waalaikum salaam mwanangu. Lagman nimejifunza kwa mashoga zangu wa Kiuyghur Istanbul, basi nisikilize hapo kwenye unga, maana ndipo kazi ilipo.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, yai moja, chumvi kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu kama mililita 200. Maji tia kidogo kidogo, kila unga na kiu yake. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Kanda dakika kumi kwa nguvu zako zote, funika, liache nusu saa, kisha ulikande tena. Utaona limebadilika: mwanzo lilikuwa na mikwaruzo, sasa laini, ukilibonyeza kwa kidole linarudi polepole.

Likate vipande, sukuma kila kimoja kiwe kama kidole, paka mafuta, panga kwenye sinia, funika kwa plastiki, uache saa nzima. Saa hiyo usiipunguze. Wengi wakiona tambi zinakatika hurudi kuongeza maji, kumbe unga haujapumzika tu. Ukivuta na ukahisi unakurudisha, uweke chini, shika kipande kingine, utaurudia baadaye. Vuta taratibu kutoka katikati kwenda ncha, mpaka unene wa penseli, kisha zungushia viganjani na ugonge mezani huku unavuta.

Zichemshe peke yake kwa maji mengi ya chumvi. Zikipanda juu ngoja dakika mbili tatu, chuja, suuza kwa maji baridi, paka mafuta. Wakati wa kula zichovye maji ya moto ndipo umiminie mchuzi.

JikoLaTemeke

Samahani wakuu, mimi niko Dar. Tambi za pakiti, zile tunazopika na sukari wakati wa futari, hazifai? Na kondoo nikikosa, mbuzi je?

Bi_Mkunazini

Tambi zile nyembamba hazifai mwanangu, mchuzi wa moto unazivuruga zote. Bora spageti nene kama huna muda wa kuvuta. Mbuzi anafaa, ila mchemshe kwanza mpaka alainike, na supu yake ndiyo utumie kwenye mchuzi.

MsafiriRostov

Na ukitaka kujaribu galnash, mkuu, unga wa mahindi unao. Wenyewe wanatengeneza za ngano na za mahindi pia. Unga mimina maji yanayochemka, koroga kwa mwiko, kanda ungali moto, finyanga vipande bapa, tia kwenye mchuzi unaochemka. Sembe iliyosagwa laini ndiyo inayoshikana. Ukiona vinameguka, changanya unga wa ngano kidogo.

Kiungo_Vienna

Allah awalipe. Sasa nimeelewa kwa nini mezani kwake mara nyingine sikuona pilipili kabisa. Naomba kumalizia: mchuzi na ile pilipili ya mafuta.

Bi_Mkunazini

Mchuzi: kata nyama vipande vyembamba, kaanga kwa moto mkali kwenye karai. Tia vitunguu maji, nyanya, kisha karoti, pilipili boga, figili nyeupe na thomu. Uzile uliosagwa kijiko cha chai. Mimina supu ya mifupa, iache ichemke polepole nyama ilainike. Uwe mwingi, maana tambi zinakunywa.

Pilipili yenyewe: bakuli lisilopasuka kwa moto, tia pilipili nyekundu kavu iliyosagwa vijiko viwili, thomu iliyopondwa, chumvi. Pasha mafuta nusu kikombe. Dondosha chembe moja ya pilipili: ikichachatika bila kuwa nyeusi, mafuta yako tayari. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga, ukimimina yote kwa pamoja thomu inaungua na uchungu wake hautoki. Malizia na siki tone mbili. Hii haiingii sufuriani, kila mtu anajitilia kwenye bakuli lake, na wenye watoto watakushukuru.

Kiungo_Vienna

Basi Jumamosi lagman. Ijumaa usiku nachemsha mifupa, unga naukanda asubuhi. Naweza kuzivuta tambi mapema?

Bi_Mkunazini

Vuta na uchemshe asubuhi, paka mafuta, funika. Ila usizilaze ndani ya mchuzi, jioni utakuta uji.