Mchicha waungua kingo, shamba la familia Mwakirunge: nitie samadi gani?

MwanaWaShamba: Asalaam aleikum. Shamba letu ni ekari 2. Tangu enzi za marehemu baba hatutii mbolea ya dukani, ni samadi ya mbuzi, makuti ya kufunika udongo na kunde kati ya mistari. Sasa mchicha waungua kingo za majani, bamia zimedumaa. Nimetia magunia 12 ya samadi ya kuku, hali ikazidi. Nishaurini, mama halali kwa wasiwasi.

BintiMajengo: Samadi mbichi ya kuku ni moto huo! Changanya na majani makavu, geuzageuza, ilale miezi miwili mitatu. Bibi yangu alikuwa na mchicha nyuma ya nyumba, akiumwagia maji ya kuoshea mchele. Wallahi mpaka leo sijala mwingine kama ule.

MzeeWaLikoni: Vijana mwataka udongo uwajibu kwa wiki moja. Sisi tulilaza shamba mwaka mzima.

Chapati_Mbili: Uza hivyo hivyo, mwambie mteja umeshapikwa nusu.

Kata_Mti: Samadi wekeni kando. Maji wapata wapi?

MwanaWaShamba: Kisimani.

Kata_Mti: Futi ngapi? Yana ladha gani?

MwanaWaShamba: Kilikuwa futi 30. Mwaka jana tukakishusha hadi 70, kaka yangu aliye Dammam ndiye aliyelipa. Maji ni mengi, pampu yavuta tangu alfajiri. Yana uchumvi kidogo, lakini ng'ombe wa jirani wayanywa. Nishatoa arubuni ya pampu kubwa, elfu 40, fundi yuwaja Jumamosi. Sidhani shida ni maji.

Kata_Mti: Ndugu yangu, ndiyo shida yenyewe. Huku pwani maji matamu yaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40. Ukivuta kwa nguvu, chumvi yapanda. Mizizi ikiwa kwenye chumvi hushindwa kunywa hata udongo ukiwa chepechepe, na samadi mbichi ya kuku ina chumvi yake pia. Simamisha pampu hiyo. Kinga maji ya mvua paani, na masika yakija acha mvua ioshe matuta. Mnazi utavumilia, maharagwe na vitunguu usijaribu.

MwanaWaShamba: Nimwambie kaka nini? Ile ni akiba yake ya miezi saba.

Jicho_Bombolulu: Ngojeni kwanza. Huyu amejiunga leo, picha hana. Mwezi jana alikuja mwingine na majani ya kuungua hivi hivi, mwisho akatuuzia mbolea ya chupa.

BintiMajengo: Eh, kweli! Na magunia 12 alitoa wapi?

MwanaWaShamba: Siuzi kitu, dada. Ya kuku nilipewa na jirani. Nimetoka kisimani sasa hivi. Kando ya mfereji kuna unga mweupe, nimeuonja, ni chumvi. Mama alisema tangu Januari kuwa chai imebadilika. Tulimwambia ni dawa zake za presha.

Kata_Mti: Mama ana presha na anywa maji hayo?

MwanaWaShamba: Kila siku.

MzeeWaLikoni: Mwanangu, mchicha ungoje. Leo hii mtafutie mama maji matamu, kisha mpigie fundi.

MwanaWaShamba: Natoka na mtungi.