Bugando ni ya Serikali au ya Kanisa?

Mwana wa Sengerema: Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Juzi tulikuwa tunakipanda kile kilima cha Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, hotipoti ya uji mkononi, kumpelekea mama mdogo aliyepewa rufaa. Alituuliza swali lililotushinda: hospitali hii tunaambiwa ni ya Wakatoliki, mbona madaktari wake wengi wanalipwa na Serikali?

Mzee wa Kirumba: Mwanangu, majengo yalijengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Hayakukaa sana mikononi mwa maaskofu, kwa kuwa mwaka 1972, kwa kufuata siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliitaifisha hospitali na kuiendesha hadi mwaka 1985, ilipoirejesha kwa Baraza la Maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha kwa ubia. Tangu hapo mwenye mali ni Kanisa, nayo Wizara ya Afya hulipa mishahara ya watumishi wengi na kuitambua kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Muuguzi Mstaafu: Naafikiana na Mzee, ila umiliki pekee hautoshi kueleza ilivyokua. Nionavyo mimi, hatua kubwa kuliko zote ilikuwa kuanzishwa kwa chuo cha udaktari hapohapo kilimani mwaka 2003, kwani hospitali inayofundisha hulazimika kuwa na mabingwa wa kufundisha, na mabingwa hao ndio wanaomtibu mgonjwa aliyetoka Geita au Simiyu. Leo ina vitanda zaidi ya 900. Mgonjwa wa saratani wa kanda hii, ambaye zamani tiba ya mionzi ilimlazimu asafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, sasa huipata Mwanza. Anayeijua safari ile ya basi akiwa na maumivu anaelewa nasema nini.

Mchagga wa Mwanza: Hospitali ya KCMC ya Moshi nayo ilifunguliwa mwaka uleule wa 1971, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambalo ni la Kikristo, na ni hospitali ya rufaa ya kanda vilevile. Utaratibu huu umeshuka hadi wilayani: pasipokuwa na hospitali ya Serikali, ya misheni hufanywa hospitali teule, ikapata ruzuku na watumishi bila Kanisa kupoteza hati ya kiwanja.

Mwana wa Sengerema: Ahsanteni sana wakubwa. Mama mdogo kwao Sengerema alizoea hospitali teule, ya Kanisa pia, na miaka yote alidhani ni ya Serikali.