Filamu za ujana wetu na za leo: tupeane uzoefu wa kuzitazama upya na kuzilinganisha kwa haki

Mleta mada

Wakuu, salaam. Ule ubishi wa "filamu za zamani ndizo zilikuwa filamu, za leo makelele matupu" hauishi, na sababu kubwa ni kwamba tunalinganisha vitu visivyolingana. Mmoja anaikumbuka picha la Kihindi lililoonyeshwa Majestic pale Unguja au Avalon pale Dar, kwenye pazia kubwa, filamu ya milimita 35. Mwingine anakumbuka mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine uliokuwa nao nakala. Wa tatu anaikumbuka VCD ya vipande vitatu. Kisha wote wanaiweka kumbukumbu hiyo mbele ya filamu mpya iliyo kwenye runinga ya inchi 55 ambayo mipangilio yake haijaguswa tangu itoke dukani.

Naomba uzi huu uwe wa kazi. Anayejua mikanda atupe mikanda, anayejua uhariri atupe uhariri. Tupeane namna ya kuzipata zile picha, kuzisafisha na kuzitazama kama zilivyotengenezwa. Hapo ndipo mtu ataweza kusema za leo zimepungukiwa na nini, na kusema akiwa na ushahidi mkononi.

Fundi Deki

Naanza na mikanda ya VHS maana hiyo ndiyo inayokufa. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki, Funai ya Japani, kiliacha mwaka 2016. Deki mpya haipo tena. Utapata iliyotumika tu, kwa hiyo itunze.

Kabla ya kuingiza mkanda wowote kwenye deki, uangalie kupitia kidirisha chake ukiwa kwenye mwanga wa jua. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu pembeni mwa mkanda uliokunjwa, hiyo ni ukungu. Huku pwani, Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, ukungu ndio adui namba moja kwa sababu ya unyevu. Usiucheze. Ukiucheza, ukungu unabaki kwenye kichwa cha deki na unahamia kwenye kila mkanda utakaofuata. Uweke kwanza kwenye chombo kinachofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mikoba, siku kadhaa, mpaka ukungu ukauke. Kisha fungua ganda kwa kutoa skrubu tano za upande wa chini, futa taratibu kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, halafu hamishia roli zote mbili kwenye ganda la mkanda mzima usio na thamani. Fanyia kazi hii nje na ukiwa umevaa barakoa, unga ule ni mbaya kwa mapafu.

Mkanda uliokaa miaka bila kuchezwa upeleke mbele mpaka mwisho, kisha urudishe mpaka mwanzo, ndipo ubonyeze pleyi. Unakuwa umejikunja kwa mkazo usio sawa na ukiuanza hivyo hivyo utalegea ndani ya deki na kuliwa.

Picha ikiwa na chenga nyingi, usikimbilie kulaumu mkanda. Safisha kichwa. Chomoa umeme, fungua kifuniko, utaona ngoma ya chuma inayong'aa iliyolala kimshazari. Chukua kipande cha ngozi laini ya kufutia miwani au karatasi safi ya kuandikia, uloweshe kwa spiriti ya isopropyl ya asilimia 99, ukishikize kwenye ngoma bila kukisogeza, kisha izungushe ngoma kwa mkono kutoka juu. Usisugue kupanda na kushuka hata mara moja: vichwa vyenyewe ni vipande vidogo sana vilivyochomoza kidogo ukingoni mwa ngoma, vinavunjika kama kucha, na vikivunjika deki imekwisha. Vijiti vya pamba vya masikioni navyo achana navyo, nyuzi zake hunasa pale pale. Acha ikauke dakika 15 hivi ndipo uwashe.

Ule mstari unaotetemeka chini kabisa mwa picha siyo ugonjwa. Ni sehemu ambapo deki inabadilisha kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, ila runinga za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu yake.

Mwana wa Ngamiani

Fundi, na mikanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani? Inacheza lakini picha haina rangi na inapanda juu mfululizo.

Fundi Deki

Hiyo ni NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani, kaka. Sisi huku mfumo wetu ni PAL, na ile iliyotoka Oman na Dubai pia ni PAL, ndiyo maana haikuwahi kusumbua. Tafuta deki iliyoandikwa kwamba inacheza NTSC kwenye runinga ya PAL. Kumbuka lakini kwamba inachotoa ni mseto unaoitwa PAL-60, kwa hiyo kifaa chako cha kunasia kwenye kompyuta nacho lazima ukichagulie PAL-60. Ukikiacha kwenye PAL ya kawaida picha haitatoka sawasawa.

Kwa kunasa: waya wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, kifaa cha USB, na programu iliyowekwa pikseli 720 kwa 576, fremu 25. Ukihifadhi bila kupoteza chochote, mfano kwa usimbaji wa Huffyuv, saa moja inakula takriban GB 30 hadi 35. Ukihifadhi kwa H.264 ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 3.6, na kwa mkanda wa VHS hiyo inatosha kabisa. Sauti ikianza kuachana na midomo kadiri filamu inavyoendelea, kosa haliko kwenye sauti. Ni fremu za picha zinazodondoka kila mkanda unapoyumba. Pitisha mawimbi ya deki kwanza kwenye mashine ya kurekodia DVD, ndipo yaende kwenye kompyuta. Mashine nyingi za aina hiyo huyanyoosha mawimbi na tatizo linapungua sana.

Diski Tatu

Wa VCD tupo pia. Fungua diski kwenye kompyuta, ingia folda ya MPEGAV, kuna faili la AVSEQ01.DAT. Ndilo filamu. VLC inalifungua moja kwa moja, na programu ya ffmpeg inaligeuza kuwa mpg bila kupunguza ubora ukiiambia inakili tu badala ya kusimba upya. Vipande viwili au vitatu unaviunganisha baadaye. VCD ilibeba dakika 74 hivi kwa diski, ndiyo sababu picha la Kihindi la saa tatu lilihitaji diski tatu.

Mchubuko wa upande unaong'aa mara nyingi hauui diski. Unaoua ni wa upande wenye maandishi, maana kwenye CD data ipo chini tu ya rangi ile. Futa ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Na usitegemee miujiza ya ubora: VCD ni pikseli 352 kwa 288. Kwenye runinga ya inchi 14 iliridhisha, kwenye inchi 55 utaona vigae. Itazame kwenye simu au kwenye dirisha dogo la kompyuta, itakurudishia heshima yake.

Filamu za Bongo za miaka ya 2000, zile za sehemu ya kwanza na ya pili, zina tatizo lao. Nyingi zilipigwa kwa kamera za video zinazonasa nusu-picha 50 kwa sekunde. Anayezipandisha mtandaoni bila kuziunganisha sawasawa anatuachia mistari kama meno ya kitana kila mtu anapogeuka. Dawa ni kichujio cha ffmpeg kiitwacho yadif au bwdif, ukikiweka kitoe fremu 50, siyo 25. Ukitoa 25 unatupa nusu ya mwendo na waigizaji wanaonekana wanaruka-ruka. Haya ni makosa ya anayepandisha, yanabebeshwa wasanii bure.

Mama Filamu

Mimi ni wa Kihindi, na nina mambo mawili ambayo watu wa rika letu wanayahisi bila kuyajua.

La kwanza ni kasi. Filamu ya sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Runinga ya PAL inakwenda 25. Njia ya kawaida ya kuiingiza filamu kwenye mkanda wa PAL ilikuwa kuiharakisha kidogo, asilimia 4. Filamu ya dakika 150 ikawa ya dakika 144, na nyimbo zote zikapanda kidogo, pungufu ya nusu toni. Sasa mtu aliyekua na mkanda akisikiliza wimbo ule ule leo kutoka kwenye nakala iliyosafishwa, anasema "wameuharibu, unakokota". Haujaharibiwa. Huo ndio mwendo wake halisi. Anayetaka kuusikia kama wa mkanda, VLC inaruhusu kupandisha kasi: weka 1.04, na uzime ule uchaguzi wa kulinda kimo cha sauti.

La pili ni toleo. Chukua Sholay ya Ramesh Sippy, ya Agosti 1975. Wako watakaoapa kwamba Gabbar, yule jambazi, anakamatwa na polisi, na wako watakaoapa kwamba anauawa na Thakur, yule anayelipiza kisasi. Wote wamesema kweli. Mwisho wa kwanza ulikuwa wa kuuawa. Bodi ya udhibiti ya India ikaukataa, ikapigwa upya polisi wanaingia kumchukua, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye sinema. Toleo refu la dakika 204 lenye mwisho wa awali lilisambaa baadaye kwenye video. Kwa hiyo kabla ya kubishana, muulize mwenzio aliiona wapi. Jambo hili hili linazikumba filamu nyingi za enzi zile: muda wa filamu ulioandikwa kwenye ganda ndio wa kuangalia kwanza. Ukikuta upungufu wa dakika nne kwa kila mia, hiyo ni PAL tu. Zaidi ya hapo, kuna kilichokatwa.

Pia angalieni upana. Filamu pana zilipoingizwa kwenye mkanda, mara nyingi pande zote mbili zilikatwa ili zijaze runinga ya umbo la 4:3. Mazungumzo ya watu wawili yanageuka kuwa mtu mmoja anayeongea na ukuta.

Mpiga Runinga

Naungana na dada hapo juu. Kwenye runinga mpya, kitu cha kwanza kuzima ni ule ulainishaji wa mwendo. Samsung wanauita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Runinga inabuni fremu za katikati ambazo hazikuwahi kupigwa, na filamu inageuka kuwa kama taarifa ya habari. Wengi wanaosema "filamu za siku hizi zinaonekana feki" wanalaumu kitu hiki bila kujua, kwa sababu kinaziharibu za zamani na mpya kwa pamoja. Kama runinga yako ina Filmmaker Mode, ichague, inazima hayo yote kwa mpigo mmoja. Umbo liache kwenye lile la asili: weusi wa pembeni kwenye picha la 4:3 siyo kasoro, na ukinyoosha kujaza kioo kila mtu anakuwa mnene. Ukali wa picha ushushe karibu na sifuri, kwenye VHS unakuza chenga tu.

Kuhusu malalamiko kwamba za leo "milio inapasua masikio, maneno hayasikiki", hapo wazee mna haki kabisa. Sauti ya sasa inachanganywa kwa njia sita, na mazungumzo yamewekwa spika ya katikati. Runinga yenye spika mbili inazibana njia zote pamoja, na maneno yanamezwa. Nenda kwenye sauti, chagua towe la PCM au stereo, washa hali ya usiku. Ukiwa kwenye VLC washa kibana-sauti. Utasikia maneno bila kuwaamsha majirani.

Mhariri wa Mtaa

Mimi nataka tupime. Chukua dakika 10 za katikati mwa filamu yoyote, hesabu kila mkato, gawanya sekunde 600 kwa idadi ya vipande. Mtafiti wa filamu David Bordwell alionyesha kwamba filamu nyingi za Hollywood kati ya 1930 na 1960 zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa kipande, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi zilikuwa zimeshuka mpaka sekunde 3 hadi 6. Hii ndiyo tofauti ya kweli, na haitibiki kwa rimoti.

Inaonekana zaidi kwenye mapigano. Kwenye picha za kareti za Hong Kong kamera ilikaa mbali, mwili mzima unaonekana kuanzia nyayo, na mapigo matano sita yanapita kabla ya mkato. Wakati mwingine walipiga fremu 22 badala ya 24 ili steringi aonekane mwepesi zaidi, lakini mikono na miguu ilikuwa ya wapiganaji wenyewe. Leo mara nyingi ngumi inaanza kipande kimoja na kutua kingine, kamera ikitikisika, kwa sababu mwigizaji hajui kupigana na mkato unamficha. Tazama miguu. Usipoiona katika pambano zima, umefichwa kitu. Na wapo wa leo wanaokaa mbali na kuacha kipande kiende, hao tuwape haki yao.

Sauti Juu

Msisahau wafasiri, wale waliotusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwa wengi wetu filamu ya ujanani ilikuwa na sauti ya tatu: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya. Mnaonakili kanda hizo, msizitupe kwa sababu "nakala safi ipo mtandaoni". Nakala safi haina maelezo yale, na mara nyingi mkanda ule ndio pekee uliobaki nayo.

Njia nzuri ni kunasa sauti ya mkanda peke yake, kisha kuiweka kwenye faili la MKV kama njia ya pili ya sauti juu ya picha iliyosafishwa. Mtazamaji anachagua. Picha safi ikiwa ya fremu 24 na mkanda ukiwa wa 25, rekebisha kasi ya sauti kwa 0.96, kisha linganisha kwenye mlio mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho, mlango au risasi. Mwanzo ukikaa sawa na mwisho ukapishana, kuna mahali mkanda ulikatwa. Mara nyingi ni pale ulipokatika na kuungwa kwa selotepu. Igawanye sauti hapo, sogeza kipande cha pili, linganisha tena.