Mrejesho: ule wembe wa kukunja uliokuwa unavuta ndevu

Wakuu habari zenu, niliwauliza kwa nini wembe wangu wa kukunja, ule wa chuma wa zamani sio wa kubadilisha viwembe, unavuta ndevu badala ya kukata, na nianze na jiwe la kunolea au mkanda wa ngozi wa kusugulia makali. Wengi mlisema niupeleke kwa fundi anayejua aunoe kwanza mimi nibaki na mkanda tu, nikafanya hivyo na sasa unateleza shavuni safi kabisa.

Kilichonisaidia zaidi ni yule aliyesema wembe ulale flati, mgongo (ule upande mnene usiokata) na makali vyote viguse ngozi ya mkanda, unauvuta mgongo ukitangulia, ukifika mwisho unaugeuzia kwenye mgongo, maana ukigeuzia kwenye makali unachana mkanda na makali yenyewe yanakufa. Mkanda nao ukaze, ukilegea tu makali yanakuwa duara. Mara 30 hadi 50 kabla ya kunyoa zinatosha, spidi haina maana yoyote (zile mbwembwe za kwenye video achaneni nazo).

Jiwe nimenunua lile la namba 4000 upande mmoja na 8000 upande wa pili (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi) ila liko kabatini, litatoka siku mkanda ukishindwa. Huku pwani kutu haina huruma, nikimaliza naukausha vizuri naupaka tone la mafuta ya cherehani na bafuni siuachi.

Swali jingine, ngozi ya kawaida ya fundi viatu inafaa kwa mkanda wa akiba? Ya mtandaoni bei yake jamani.