Naomba ushauri: besi yangu nzito mno, nitafute ipi nyepesi?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wapiga gitaa la besi. Nina Jazz Bass naipenda kupita maelezo, ile sauti yake ya kati inavyokaa kwenye ngoma sijaisikia kwingine, ila ni nzito balaa, inakaribia kilo 5, na siku hizi nikimaliza shoo bega la kushoto linakufa ganzi mpaka vidoleni. Nishaweka mkanda mpana, umesaidia kidogo tu.

Sasa nafikiria Ibanez SR maana bodi yake nyembamba, au Mustang ya skeli fupi, yaani urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 30 badala ya 34 nilizozoea, lakini naogopa uzi wa E, ule mnene wa sauti ya chini, usije ukalegea ukakosa nguvu kule chini. Zile zisizo na kichwa, ile sehemu ya mwisho wa shingo yenye vifungio vya nyuzi, nazo zinanivutia, maana kuna besi nyepesi zenye kichwa, ukiiachia tu shingo inainama, mkono wa kushoto unaishia kuibeba, hapo unakuwa umepunguza nini?

Aliyehama kutoka nzito kwenda nyepesi aniambie ukweli, sauti inapungua kweli au ni woga wangu? Hii yangu siiuzi hata iweje, itabaki ya kurekodia nimekaa.