Kifaa cha mkononi cha kufundishia uchimbaji wa bitcoin: ESP32, Pico au Arduino?

mwl_Wete: Asalaam alaykum. Nataka kutengeneza kifaa cha mkononi cha kuwaonyesha wanafunzi bitcoin inavyochimbwa. Nimekwama kwenye vibao vitatu vidogo vya kompyuta: ESP32, Raspberry Pi Pico na Arduino Uno. Jumamosi kuna mtu anakuja na boti kutoka Unguja, nataka nimwagize. Nichukue ipi?

fundi_Mlandege: Waalaykum salaam. Mwalimu, hapo hujasema kitu. Darasa gani? Una shilingi ngapi? Betri au waya? Kichimbe kweli au kiigize?

mwl_Wete: Skuli ya sekondari. Kiigize tu. Betri.

yakhe_Chake: ESP32, basi. Viini 2, 240 MHz, Wi-Fi imo, na ina sehemu maalumu ya kupiga SHA, ile hesabu inayotumika kuchimba bitcoin. Uno ni 16 MHz na RAM KB 2, ya nini yakhe?

bi_Kikwajuni: Uno ilinitia aibu mimi. Nilitengeneza kama hicho: skrini ndogo ya OLED na kitufe kimoja. Ukibonyeza, kinabadilisha nonsi, yaani namba ya kubahatisha, kinapiga heshi, yaani jibu la ile SHA, kinatazama kama imeanza na sifuri za kutosha. Nyumbani nilijaribu sifuri 2, jibu likaja haraka. Siku ya darasa nikajitia ujuzi, nikaweka 6. Heshi huandikwa kwa alama 16, 0 mpaka f, basi kila sifuri inazidisha kazi mara 16: kwa 2 ni majaribio 256 kwa wastani, kwa 6 yanapita milioni 16. Namba za nonsi zikapanda weee, sisi tunatazama. Mtoto wa mbele akaniuliza polepole, "Mwalimu, kimekufa?" Kengele ikalia hakijapata kitu. Ingawa wallahi, siku ile ndiyo walielewa.

fundi_Mlandege: Basi weka kitufe cha kupandisha na kushusha sifuri. Bitcoin nayo hurekebisha ugumu kila bloku 2,016, yaani mafungu ya miamala, ili bloku moja ije kwa dakika 10 hivi. Mie nasema Pico. Kama ni kuigiza, Wi-Fi ya nini?

yakhe_Chake: Vifaa vitano vishindane nani kapata bloku mwanzo! ESP32 zinaongea zenyewe kwa zenyewe bila intaneti.

mzee_Mkoani: Mnawafundisha watoto kamari?

mwl_Wete: Hapana ami. Kuna vijana hapa wameliwa pesa na programu ya simu, wakaambiwa simu inachimba usiku wamelala. Nataka waone kwa macho yao kazi ilivyo.

mzee_Mkoani: Ungesema mapema. Mwanangu mmoja kati ya hao. Lakini umeme?

bi_Kikwajuni: Umeme usituambie sisi wa Unguja, tulikaa kizani Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

mzee_Mkoani: Na sisi huku Pemba tukiwacheka, tuna majenereta yetu Wesha.

yakhe_Chake: Yaliyokuwa yakizima kila siku, ami!

fundi_Mlandege: Mwalimu, boti Jumamosi, na bajeti bado hujasema.